Kusikia Kanisani: Ni Deni la Nani?

Dini ya Kikristo imelipa sikio cheo kikubwa. Mtume Paulo aliwafundisha Warumi kwamba imani hupatikana kwa kusikia, na tangu zama hizo kanisa limekuwa mahali pa sauti: mmoja hunena, wengi husikiliza. Kutokana na mpango huo huzuka swali ambalo twapenda kulichambua katika kurasa hizi. Ikiwa imani hupatikana kwa kusikia, je, muumini aliyeketi ndani ya kanisa naye hasikii, kusikia kwake ni deni la nani? Ni lake mwenyewe, kwa kuwa sikio lililopungukiwa ni lake? Au ni la kusanyiko zima lililomfungulia mlango na kumwonyesha pa kuketi?

Huku Rusizi, ambako hadi mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 kulikuwa katika mkoa wa Cyangugu, watu wamekuwa wakikusanyika kusikiliza mahubiri kwa muda uzidio miaka 100. Misheni ya Mibilizi ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1903. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi walifika Gihundwe mwaka 1940. Jimbo Katoliki la Cyangugu liliundwa mwaka 1981. Waislamu wa Kamembe na Bugarama nao wana misikiti yao na hotuba zao za Ijumaa. Katika muda wote huo vizazi kwa vizazi vimezeekea katika nyumba hizo za ibada, na uzee, kama tujuavyo, hauji peke yake. Aghalabu huja pamoja na kupungua kwa usikivu. Mzee aliyekuwa akiitikia sala kwa sauti kuu sasa humtazama jirani ili ajue wakati wa kusimama na wakati wa kuketi. Yumo kanisani, lakini kanisa limemtoka. Wala hali hii si ya wachache. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2021, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu fulani wa usikivu, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma.

Ili tusilijadili jambo hili hewani, yafaa kwanza tuvitazame vyombo ambavyo watu wa nchi nyingine walivibuni kwa ajili ya wasiosikia vema, na hasa vile vilivyotiwa makanisani. Chombo ni shahidi mzuri, kwa kuwa huonyesha fikra za aliyekiunda hata pale ambapo mwenyewe hakuzitamka.

Chombo cha kale zaidi kilikuwa pembe ya kusikilizia: mdomo mpana uliokusanya sauti, na ncha nyembamba iliyotiwa sikioni. Hiyo ilikuwa mali ya mtu binafsi, naye aliibeba mkononi kama mlemavu wa mguu abebavyo fimbo yake. Kwa wakubwa ilipambwa na kufichwa. Mfalme João wa Sita wa Ureno alitengenezewa kiti cha enzi, yapata mwaka 1819, ambacho mikono yake ilikuwa na uwazi ndani na kuishia kwa vichwa vya simba vilivyoachama. Aliyetaka kusema na mfalme alipiga magoti na kunena kinywani mwa simba, na sauti ikapita katika mrija hadi sikioni mwa mfalme. Tazameni jinsi cheo kilivyogeuza mambo. Mfalme alikuwa na upungufu, lakini waliolazimika kuinama ni wale waliosikia vema. Deni la kusikia kwake lilikuwa juu ya kila aliyemjia, wala hapana aliyeliona jambo hilo kuwa la ajabu, maana alikuwa mfalme.

Katika karne hiyo hiyo ya 19 wazo kama hilo liliingia kanisani, ila kwa sura nyingine. Kwenye maonyesho makubwa ya London ya mwaka 1851 ilionyeshwa mimbari iliyounganishwa na viti vya waumini kwa mirija ya gutapacha, yaani utomvu mgumu unaofanana na mpira. Mhubiri alinena kama kawaida. Sehemu ya sauti yake iliingia katika mirija, na muumini asiyesikia vema alitia ncha ya mrija sikioni, akayapata maneno kana kwamba mhubiri amemwinamia. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja mitambo ya umeme, ambayo asili yake ni simu. Mmarekani Miller Reese Hutchison alitengeneza kifaa kilichoitwa Acousticon, na aina yake moja ilikusudiwa makanisa: maikrofoni ya kaboni iliwekwa mimbarini, nyaya zikatandazwa hadi kwenye viti, na kwenye viti hivyo pakawa na visikilizio vyenye mpini vya kushikwa sikioni. Hatimaye, mwaka 1937, Joseph Poliakoff aliandikisha nchini Uingereza haki ya ubunifu wa njia nyingine, ambayo ingali inatumika. Waya huzungushwa ukumbini na kupitishiwa umeme unaobeba sauti ya msemaji. Umeme huo huzusha nguvu ya sumaku, nayo hupokewa na koili ndogo iliyomo ndani ya mashine ya sikio. Muumini hashiki mrija wala kisikilizio, na ndani ya eneo la waya aweza kuketi apendapo.

Vyombo hivi vyatofautiana kwa umbo, lakini vyote vya kanisani vina jambo moja ambalo pembe ya mkononi haikuwa nalo: vilifungwa kwenye jengo. Pembe ilisema, "Huyu ana upungufu, naye ajitafutie njia." Mrija uliotoka mimbarini ulisema, "Nyumba hii ina upungufu, nayo imejirekebisha." Hatudai kwamba waliovitia vyombo hivyo walikuwa watu wema kuliko wengine. Siku zile viti vingi vya makanisa ya Uingereza na Marekani vilikodishwa, na bila shaka mwenye mali aliupata mrija kwa wepesi kuliko maskini aliyesimama nyuma. Hata hivyo hatua ile ilikuwa kubwa kwa upande wa maadili. Lililokuwa aibu ya mtu mmoja liliingizwa katika hesabu za nyumba nzima, pamoja na mishumaa na paa.

Huenda msomaji akatujibu kwamba siku hizi swali hili limekwisha, kwa kuwa tunavyo vipaza sauti. Karibu kila kanisa la mjini lina spika zake, na nyingine zasikika hadi ng'ambo ya bonde. Kwa hakika hapa pana kosa la kifikra linalohitaji kusahihishwa. Asiyesikia vema aghalabu hakosi kishindo. Anachokikosa ni uwazi wa maneno. Spika ikiongezwa nguvu katika jumba lenye kuta za saruji, huongeza pia mwangwi, mikohozi na vilio vya watoto, na vyote hivyo humfikia mzee vikiwa vimechanganyika. Mrija, kisikilizio na waya wa sumaku vilifanya kazi nyingine kabisa: vilikileta kinywa cha msemaji karibu na sikio la mmoja, pasipo kuwasumbua wengine. Tukumbuke kwamba mwaka 2018, makanisa mengi yalipofungwa nchini Rwanda kwa kukosa kutimiza masharti, kelele zilikuwa miongoni mwa lawama zilizotajwa. Basi huenda sauti ya kanisa ikawaudhi walio nje, na wakati huo huo isimfikie bibi aliyeketi benchi la tatu. Kupaza sauti ni kitu kimoja, na kumfikishia mtu neno ni kitu kingine.

Turudi sasa kwenye swali letu la deni, nasi tutalijibu kwa kutumia mambo ambayo watu wa hapa huyatenda bila kufundishwa na mtu.

La kwanza ni mvua. Nchi hii, iliyo kati ya ziwa Kivu na msitu wa Nyungwe, hunyeshewa sana, na makanisa mengi yameezekwa kwa mabati. Mvua kubwa inapoanza, mahubiri hayasikiki. Mhubiri hufanya nini? Hunyamaza akangoja, au huanzisha wimbo, au huwasogelea watu. Hatujapata kusikia kwamba mhubiri aliwalaumu waumini kwa kuwa na masikio madogo. Kwa muda wa dakika 20 kanisa zima limekuwa kiziwi, na mara moja kila mtu anaelewa kwamba kazi ya kulifikisha neno ni ya anayenena na ya nyumba anamonenea. Lakini mvua ikiisha, hubaki watu wawili au watatu ambao kwao ingali inanyesha. Kwa nini basi kanuni ibadilike? Ikiwa tulikiri kwamba deni ni letu tulipokuwa viziwi wote, hatuwezi kulikana wanapobaki viziwi wachache. Tofauti iliyopo ni ya idadi tu, na idadi haigeuzi haki.

La pili ni mkalimani. Rusizi imepakana na Bukavu, na mto ulioupa wilaya jina ndio mpaka. Wahubiri na wageni huvuka daraja, Kiswahili kikavuka pamoja nao, na mara nyingi mtu husimama kando ya mhubiri akiyageuza maneno kwa Kinyarwanda, sentensi kwa sentensi. Ibada hurefuka karibu maradufu, nasi hatunung'uniki. Twaona ni adabu ya kawaida kwamba mgeni asiyejua lugha asiachwe gizani. Katika misikiti mikubwa pia, kabla ya kuja kwa vipaza sauti, palikuwa na mtu aliyeipokea takbira ya imamu na kuirudia kwa sauti ili safu za nyuma zisipitwe na sala. Kwa hiyo desturi ya kumtwika mtu mwingine kazi ya kufikisha neno si ngeni kwetu, wala haikuletwa na umeme. Ikiwa kusanyiko laweza kumgharimia mgeni wa siku moja, vipi lishindwe kumgharimia mwenyeji wa miaka 60?

Hapa sisi walimu wa Kiswahili tuna la kukiri juu ya lugha tunayoifundisha. Methali zetu zimekuwa kali kwa wasiosikia. Twasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," na tena, "Sikio la kufa halisikii dawa." Katika methali hizo kusikia ni kutii, na kutosikia ni ukaidi. Kinyarwanda nacho kina kitenzi kimoja, kumva, chenye maana ya kusikia na pia kuelewa. Lugha zinapoyaunganisha mambo haya, ni rahisi kwa msemaji wa lugha hizo kumdhania asiyesikia kuwa hatii au haelewi. Ni watoto wangapi waliochapwa darasani kwa ukaidi, kumbe kosa lao lilikuwa usaha masikioni? Na ni wazee wangapi waliosemwa kuwa akili zimewatoka, kumbe kilichowatoka ni herufi "s" na "f", ambazo husikika kwa sauti nyembamba na ni miongoni mwa zinazopotea mapema?

Lakini lugha hiyo hiyo ina dawa ndani yake. Neno "kiziwi" limewekwa katika ngeli ya vitu, pamoja na kiti na kisu. Hata hivyo Kiswahili sanifu hakisemi "kiziwi kimefika", bali "kiziwi amefika". Jina limemweka miongoni mwa vitu, na kitenzi kimemrudisha miongoni mwa watu. Zaidi ya hayo tunalo neno "kusikilizana", ambalo maana yake ni kupatana. Waliotuachia neno hilo walijua kwamba mapatano hayawezi kuwapo pale ambapo mmoja tu ndiye mwenye kusikiliza. Kiambishi "na" kilicho mwishoni kinadai kwamba kitendo kiende na kirudi.

Na hapo ndipo tunapouona upungufu wa vyombo vile vya kale. Mrija, kisikilizio na hata waya wa sumaku vyote vilipeleka sauti upande mmoja, kutoka mimbarini hadi kwenye kiti. Hapakuwa na mrija uliotoka kwenye kiti kwenda mimbarini. Kiziwi aliwezeshwa kuhubiriwa. Hakuulizwa kama naye ana la kuhubiri. Tena kwa aliyezaliwa bila kusikia kabisa, vyombo hivyo havikuwa na faida, kwa kuwa mrija hauwezi kulisha sikio lisilopokea. Kama tungeishia kwenye vyombo, tungekuwa tumelipa nusu ya deni.

Nusu ya pili ilidhihirishwa na mtu ambaye maisha yake yalikoma katika nchi hii. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1925, alipoteza usikivu akiwa na umri wa miaka 11 kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Mwaka 1954 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichoko Washington. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi mjini Accra, na katika miaka 30 iliyofuata alianzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Alihubiri kwa mikono, akawafundisha wengine kuhubiri kwa mikono. Alifariki tarehe 3 Desemba 1987 katika ajali ya ndege nchini Rwanda. Kwa Foster, kiziwi hakuwa mtu wa kuhurumiwa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa mwalimu, mchungaji na mwenye kusikilizwa kwa macho. Injili ya Marko yaelekea kukubaliana naye. Katika habari ya kiziwi aliyeletwa kwa Yesu twasoma kwamba Yesu alimtenga na umati, akamgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni, na baada ya hayo ndipo aliponena. Yaani alianza kwa lugha ambayo mtu yule aliweza kuipokea.

Wako watakaotoa hoja ya gharama. Watasema kwamba parokia ya vijijini haina fedha za kutandaza waya kwa ajili ya watu watano, wala mashine za sikio za kuupokea. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana umaskini wa watu wetu si hadithi. Lakini deni halifutwi na ufukara wa mdaiwa. Hulipwa kidogo kidogo. Mhubiri aweza kusimama penye mwanga, akiwaelekezea watu uso ili midomo yake isomwe. Somo la siku laweza kuandikwa ubaoni. Mabenchi ya mbele, ambayo kwa kawaida huwekewa wakubwa na wageni, yaweza kupewa wasiosikia vema. Kijana mmoja aweza kupelekwa kujifunza lugha ya alama, kama tunavyompeleka mwingine kujifunza kinanda. Hayo yote ni nafuu kuliko spika moja kubwa. Wako pia watakaosema kwamba wenye upungufu wenyewe huona haya na hawataki kutambulikana. Ni kweli, lakini haya hiyo hawakuzaliwa nayo. Wamejifunza kwetu, siku tulipocheka jibu walilolitoa kwa swali ambalo hawakulisikia.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo twalitaja kwa unyenyekevu. Katika Cyangugu neno "kusikia" haliwezi kutumiwa kwa wepesi. Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu walikimbilia Mibilizi, Shangi na kanisa kuu la Cyangugu, wakiamini kwamba hapo kilio chao kingesikiwa. Wengi waliuawa. Wauaji na majirani waliofunga milango walikuwa na masikio mazima, na wengine walikuwa wameyasikia mahubiri kila Jumapili tangu utoto wao. Tukilikumbuka hilo, hatutathubutu kusema kwamba upungufu wa sikio ndio upungufu mkuu wa kanisa, wala kwamba mwenye sikio zima ndiye msikivu. Neno lililowafikia watu wale halikuwafundisha kumsikia jirani anayelia.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kusikia kwa mmoja aliyemo katika kusanyiko ni deni la kusanyiko, na deni hilo lina sehemu mbili: kulifikisha neno kwake, na kulipokea neno lake. Walioitia mirija ya gutapacha kwenye viti walianza kulipa sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili haihitaji umeme, ila yahitaji kwamba tuwe tayari kungoja, kama tungojavyo mvua ipite.

Sisi walimu hatuna budi kuanzia madarasani mwetu, maana darasa nalo ni kusanyiko, na ubao ni mimbari. Kiswahili, ambacho kisheria kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, kinawafikia watoto wengi wanaokisikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa mwalimu. Tunapomwita mtoto naye asiitike, kabla ya kumwita mkaidi, tumsogelee, tumtazame usoni, tuseme tena. Na akijibu, kwa ulimi au kwa mikono, tumpe nafasi amalize.